Habari ya Njia

Zahoro alikuwa bado anakwangua tope kwenye soli ya kiatu chake cha kushoto Selina alipofika kijiweni, akampa shikamoo, kisha akamuuliza swali ambalo watembeza wageni wa Kariakoo huulizana kila asubuhi kabla hawajaulizana hali za nyumbani.

"Njia ikoje, Mzee?"

Kijiwe chao kilikuwa mabenchi mawili na birika la kahawa la Adamu, pembeni mwa Mtaa wa Mkunguni. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa pale, lakini ilikuwapo moja iliyoshikwa kuliko nyingi zilizoandikwa: aliyetangulia kushuka Jangwani huwapa wenzake habari ya njia, wala hafichi alichokiona. Kwa miaka kumi na tisa aliyetangulia alikuwa Zahoro. Akishaswali alfajiri hushuka bondeni kuutazama Mto Msimbazi ulivyoamka, na aliporudi neno lake lilitosha. Akisema viroba vya mchanga ambavyo wakulima wa mchicha wamevipanga kuwa kivuko vimezama, hakuna aliyeshuka na mgeni siku hiyo.

Asubuhi ile alikuwa ameona. Alimwona Kijakazi, mmoja wa wakulima wale, akizipandisha keni zake za kumwagilia moja baada ya nyingine hadi juu ya ukingo na kuzifunga kamba kwenye nguzo. Mbingu ya mjini ilikuwa safi, jua la siku ya nne bila tone. Lakini Kijakazi ana binti aliyeolewa Pugu, na mvua kubwa ikinyesha huko vilimani usiku, binti humpigia simu mama yake. Maji ya Pugu huchukua nusu siku kufika Jangwani, na yakifika hayabishi hodi.

"Saa sita, saa saba hivi," Kijakazi alikuwa amemwambia. "Uwaambie na wenzako, Baba Najma."

Sasa Zahoro alikitua kiatu chini, akakipangusa kwa kipande cha gazeti.

"Njia ni ile ile," alisema.

"Viroba vinapitika?"

"Nimevikanyaga kwa miguu yangu."

Neno hili la pili lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli lilimsaidia kulimeza lile la kwanza. Selina alimshukuru, akainamia begi lake na kuanza kuhesabu chupa za maji. Aliamini. Kwa nini asiamini? Ni Zahoro aliyemwonyesha duka la viungo ambalo mwenyewe huwaacha wageni wanuse iliki na karafuu bila kununua. Ni yeye aliyemfundisha kuupita Mtaa wa Congo kabla ya saa tatu, wakati njia bado ina nafasi ya mabega mawili. Binti alikuja kwake miaka mitatu iliyopita, mgeni kutoka Masasi, mwenye cheti cha chuo na viatu visivyofaa kwa kutembea. Alimfundisha vyote. Leo binti alikuwa na kofia pana ya ukindu, na wachuuzi walimwita kwa jina kutoka kila upande wa barabara.

Hayo yote angeweza kuyavumilia. Asichoweza kukivumilia kilikuwa kikifika wakati huo huo kutoka upande wa Mnazi Mmoja: wanawake kumi na mmoja wenye mikoba, wakiongozwa na mmoja wao, Mwalimu Winifrida.

Mwalimu Winifrida alikuwa mstaafu wa Songea. Kila mwaka baada ya Pasaka huwaleta walimu wenzake kuutembelea mji, na kwa miaka tisa hawakutembea na mtu mwingine ila Zahoro. Wiki moja kabla alikuwa amempigia simu mwenyewe, kwa adabu, akamweleza kwamba kwake wamekwisha kusikia yote, na mwaka huu wanataka kucheza kidogo, kwa hiyo watakwenda na yule binti. Zahoro alijibu kwamba hakuna neno.

"Mzee wetu," Winifrida alimsalimu, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Wema huo ulimuuma kuliko dharau. Kisha akamgeukia Selina, na wenzake wote kumi wakamgeukia Selina, wakaondoka wakicheka jambo ambalo Zahoro hakulisikia.

Adamu alimjazia kikombe. "Pole, Mzee," alisema kwa sauti ya msibani. "Kuletewa mke mwenza uzeeni si mchezo."

Watu wa benchi la pili waliangua kicheko. Zahoro naye alicheka, kwa kuwa asiyecheka kijiweni huchekwa mwezi mzima. Lakini kahawa aliiacha ikapoa.

Alijiambia kwamba Selina si mtoto. Alijiambia kwamba huenda mvua ya Pugu ilikuwa ndogo, kwamba huenda maji yangefika jioni. Na kama wageni wangelowa viatu tu, na binti akaonekana kuwa hajui mto, je, hilo lingekuwa kosa la nani? Aliiwaza picha hiyo kwa utamu: Mwalimu Winifrida amesimama ukingoni, viatu mkononi, akisema kwamba katika miaka tisa ya Mzee Zahoro jambo kama hili halikutokea. Aliirudia mara nyingi, na kila alipoirudia maji yalikuwa yamepanda kidogo.

Ilipoadhiniwa adhuhuri alikwenda msikitini. Alikaa kwenye bomba la kutawadhia, akaosha mikono, uso, akapaka kichwa, akanyoosha mguu wa kulia. Maji yalimpita kwenye kifundo. Aliyatazama yakizunguka mfupa na kukimbilia mferejini, na mkono wake ukakataa kufunga bomba. Akatoa simu na kumpigia Selina. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kisha akatoka na miguu mibichi, akakata Mtaa wa Msimbazi katikati ya magari, akashika njia ya bondeni kwa mwendo ambao magoti yake yalikuwa yameusahau.

Alizisikia sauti zao kabla hajawaona. Walikuwa kwenye kisiwa cha mchanga katikati ya mto, ng'ambo ya viroba, wakicheza rede. Wawili walirushiana mpira wa soksi, na katikati yao Mwalimu Winifrida, mwanamke wa miaka sitini na minne, sketi ameikunja na kuifunga kiunoni, alikuwa akichota mchanga kwa kiganja na kuujaza kwenye chupa huku akiukwepa mpira. Wenzake walihesabu kwa sauti moja. Mikoba ilikuwa imetupwa ovyo pamoja na viatu, na kofia ya ukindu juu yake. Selina alikuwa mmoja wa warushaji, naye alikosa kwa makusudi, mtu yeyote angeona.

Zahoro alisimama. Kwa miaka tisa aliwapanga wanawake hawa ukingoni, safu mbili, akawaeleza miaka ya mafuriko na majina ya wakuu wa mji. Walimsikiliza vizuri. Waliandika katika daftari zao. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuutupa mkoba wake.

Kule mto unakotokea kundi la ndege weupe, yangeyange, liliruka kwa pamoja. Aliliona. Alijua linakimbia nini. Na bado akabaki amesimama, mdomo wazi, akimtazama Winifrida akiinua chupa iliyojaa na kuruka kama msichana. Haukuwa muda mrefu. Ulitosha mpira kurushwa na kurudi.

"Selina," akaita, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyodhani anayo. "Mto! Watoe!"

Selina hakuutazama mto. Alimtazama yeye, na akaamini kwa mara ya pili siku ile. Papo hapo akaanza kuwasukuma wanawake kuelekea kwenye viroba, mmoja mmoja, peku, huku akiwakataza kurudia mikoba. Zahoro alishuka mpaka katikati ya kivuko, akasimama na kutoa mkono. Maji yalimfika kifundoni, mara katikati ya muundi, mara gotini. Yalikuwa ya hudhurungi, yamebeba matawi na vifuniko vya ndoo. Alipokea mikono kumi na moja. Wa mwisho kati ya walimu alikuwa Winifrida, chupa ya mchanga ameikumbatia. Nyuma yake Selina. Kiroba cha mwisho kiliondoka chini ya mguu wa binti, na Zahoro akamdaka kifundo cha mkono, akamvuta, wakaangukia ukingoni pamoja.

Walipogeuka, kisiwa hakikuwapo. Kofia ya ukindu ilizunguka mara mbili katikati ya povu, ikaenda zake upande wa bahari.

Ndipo Mwalimu Winifrida aliyasema yale ambayo Zahoro aliyatamani tangu asubuhi, na hata zaidi. Alimshika mkono tena. "Mungu ndiye aliyekuleta, Mzee wetu. Mwakani tunarudi kwako. Tulikosea."

Zahoro alifungua kinywa. Nyuma ya wanawake alikuwa amesimama Kijakazi, keni mbili mikononi, kanga yake imelowa.

"Asubuhi nilikuambia uwaambie wenzako, Baba Najma," alisema. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayeuliza kitu kilichopotea.

Selina aliacha kukamua sketi yake.

"Uliniambia," Zahoro akasema.

Winifrida alimtazama Kijakazi, akamtazama Zahoro, kisha akauondoa mkono wake polepole na kuinamisha macho, kama mwalimu aliyegundua kwamba jibu la mwanafunzi aliyempenda lilinakiliwa. Walipanda kurudi mjini peku wote. Zahoro alikuwa wa mwisho. Hakuna aliyegeuka kumuuliza njia.

Selina hakumsema kijiweni. Siku iliyofuata alimpa shikamoo ile ile, akanywa kahawa yake, akazungumza na Adamu kuhusu bei ya kofia. Ila swali hakuuliza. Zahoro alilisubiri mpaka kikombe kikaisha.

Siku ya tatu maji yalipokwisha kupungua, alishuka mapema kuliko kawaida yake, kabla mwanga haujashika vizuri. Mto ulikuwa umeacha matope laini juu ya kila kitu. Na katika matope hayo, kutoka barabarani mpaka kwenye matuta ya mchicha, zilikuwapo nyayo za viatu vidogo, zikishuka, na pembeni yake zikipanda.

Kijakazi alikuwa ameinama juu ya matuta yake. Keni zilikuwa zimerudi chini, zimepangwa karibu na maji.

"Mwenzako ameshapita," alisema bila kuinua kichwa.

Zahoro akageuka kupanda, akitembea kando ya nyayo zile ili asizikanyage, na katika kila moja maji safi yalikuwa yakipanda taratibu kutoka chini.