Ruhusa ya Sajenti

Siku ya kumpeleka Sajenti kwenye makao ya wazee wa jeshi, mkewe alimwogesha mapema, akamnyoa ndevu, akamvalisha shati alilolipiga pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Majirani walimwita Mama Gwaride, na wala hawakumsingizia. Nyumbani kwake hata sufuria zilipangwa kwa urefu, na mjukuu akiingia na matope miguuni alirudishwa nje bila mjadala.

Usidhani alizaliwa mkali. Alitoka kwao msichana wa kucheka ovyo, akaolewa na askari, akaingizwa kwenye kota ya jeshi ya chumba kimoja, ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani akikohoa unampa pole. Kuanzia hapo maisha yakawa ni kuhama. Akizoea bomba la maji, wanahamishwa. Akipata shoga wa kusukana naye nywele, lori la mizigo hilo hapo mlangoni. Mume akipelekwa mpakani, yeye alibaki baba na mama, akajifunga kibwebwe: homa zake, ada zake, ugomvi wa shule wake, panya wa kambi wake. Watoto walimjua baba yao kwa harufu ya dawa ya viatu. Na wote aliwalea wakaleleka, mmoja akawa kapteni mzima mwenye gari la kazi na watu wa kumpigia saluti.

Wote, isipokuwa wa kwanza.

Wa kwanza alikuwa binti. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea kwa kushika ukuta homa ilipomkamata, baba yake yuko kambi ya mbali porini. Mama alimwendea askari wa redio akamwomba apeleke ujumbe: mtoto mgonjwa, njoo. Akapeleka tena: mtoto hali mbaya. Akangoja, macho barabarani, mtoto kifuani. Mtoto akafa, akazikwa na watu baki, wake wa kota na waume zao waliokuwa hawana zamu. Sajenti, wakati huo koplo, alitokea majani yameshaota juu ya kaburi. Alisimama mlangoni na begi lake, akasema, "Jeshi ni jeshi." Basi. Neno jingine hakulitoa, siku ile wala miaka iliyofuata. Mkewe hakuuliza. Alimpikia, akamfulia, akamzalia wengine, lakini donge lile alilimeza na halikushuka. Moyoni alijua jambo moja tu: huyu mwanamume hakuomba hata ruhusa.

Sasa uzee ukaingia, na akili ya Sajenti ikaanza kumtoka kidogo kidogo. Akasahau mtaa, akasahau wajukuu, mwisho akamsahau mke. Jeshi tu ndilo lililobaki, tena zima. Ukimwambia, "Mume wangu, njoo ule," anakukodolea macho kama umekosea nyumba. Ukimwambia, "Sajenti, chakula!" anainuka. Haya, mwanamke aliyeamrishwa maisha yake yote akageuka kamanda jikoni mwake. Mwanzoni alimsimulia binti yake mwingine kwenye simu wakacheka mpaka machozi. Baadaye kicheko kikaisha. Mzee alianza kutoroka, anakutwa sokoni anakagua vibanda vya watu. Siku moja alimkuta mkewe stoo akadhani ni mwizi, akampiga na fimbo ya kutembelea. Mgongo haukupona sawasawa.

Ndipo akampigia mwanawe simu, akasema amechoka, ampeleke baba yake kwenye yale makao. Wake hawapokelewi kule, alijua. Kapteni alidhani ni ule mgongo. Mama hakumwambia mengine. Alijiambia mwenyewe, akiwa anakunja nguo za mumewe: alimwacha mwanangu mikononi mwa watu baki, na yeye akakae mikononi mwa watu baki. Hakuona huruma. Aliitafuta moyoni akaikosa.

Hila ya kumpandisha kwenye gari ilikuwa yake vilevile. Kapteni alizoea kubadili nguo kabla ya kufika kwa wazazi, maana mzee akiona nyota mabegani hakai tena chini. Safari hii mama akamwambia aje na sare zake kamili. Amri ya ofisa Sajenti haikatai.

Kapteni akaingia. Mzee akaruka kutoka kwenye kiti, akabana visigino, mkono ukaenda kwenye paji la uso. Kijana wa watu akaangalia chini. Kupigiwa saluti na baba yako mzazi si mchezo. Akajikaza, akaanza amri waliyopanga: Sajenti, unahamishwa, gari liko nje.

Sajenti hakuondoka.

"Afande, kabla ya hilo, naomba ruhusa," alisema. "Binti yangu mgonjwa."

Kapteni akamgeukia mama yake. Mama alikuwa kasimama karibu na mlango na mfuko wa nguo mkononi, na mfuko ukamponyoka.

"Nilikuja juzi ukasema hapana," mzee aliendelea, macho mbele, sauti kavu. "Jana nikaja, ukasema nikirudi tena utanifunga. Nimerudi. Nifunge baadaye, afande. Niache kwanza nikamwone mtoto. Mke wangu yuko peke yake kule."

Mama Gwaride akatafuta ukuta akauegemea. Kumbe. Miaka yote ile, kumbe. Mwanamume alikwenda akaomba, akakataliwa, akarudi tena, akatishiwa kifungo, kisha akaja kusimama mlangoni pake na maneno yale mawili matatu ya kijinga, kwa sababu aliona haya kusema kwamba alishindwa. Na yeye akamwadhibu kwa ukimya maisha mazima kwa kosa ambalo hakulifanya. Alitamani kumtukana. Alitamani kumkumbatia. Hakujua aanze na lipi.

Kapteni naye akabana visigino. "Ruhusa imekubaliwa, Sajenti," akasema.

Mzee hakungoja aambiwe mara ya pili. Alitoka haraka kuliko walivyomwona akitembea mwaka mzima, akaingia kwenye gari, akafunga mlango mwenyewe. Uso umemchangamka kama kijana. Mkewe alipomfuata, alishusha kioo akamwamkia kwa adabu ya mtu anayemsemesha mke wa mwenzake.

"Mama, wewe ni wa kota kule?"

"Ndiyo."

"Ukitangulia kufika, mwambie mke wangu nimepata. Mwambie niliomba."

"Nitamwambia," alisema.

Kapteni akamvuta mama yake pembeni, akamuuliza wafanye nini sasa, wamshushe? Mama akamjibu kwamba mtu amepewa ruhusa sasa hivi, leo baada ya miaka yote, nani wa kumnyang'anya? Hilo yeye hawezi. Lakini na kule makao, mzee angemtafuta mtoto kitanda kwa kitanda. Akafuta uso kwa ncha ya kanga.

"Mzungushe mpaka sokoni," akasema, "kisha umlete hapa. Mimi nitakuwa mlangoni."

"Atamuulizia dada, mama."

"Nitamwambia amekufa."

"Utamuua mzee."

"Baba, mimi nililia na ukuta. Sikupata wa kulia naye."

Gari likaondoka. Aliokota mfuko, akaurudisha chumbani bila kuufungua, akajifunga kanga upya, akaenda kusimama mlangoni. Jirani alipita akamwamkia, akaitika macho yako barabarani. Kila injini iliyosikika barabarani ilimshtua moyo, kama enzi zile.

Gari lilipokata kona, mzee alikuwa ameshafungua mlango kabla halijasimama. Alishuka, akanyoosha shati, akakaza mwendo. Kisha akamwona aliyesimama pale, na miguu ikapungua kasi. Alimtazama usoni kwa muda, kama hakuwahi kumsahau hata siku moja.

"Mke wangu," akasema. "Nimechelewa?"

"Umechelewa," akamwambia, akamshika mkono, wakaingia ndani kumlilia mtoto wao.