Kadi ya Kliniki ya Mietjie

Haya aliniambia Dorkas mwenyewe, mwaka juzi, zabibu za mwisho zilipokwisha kukatwa, tukikunja mashuka ya kanisa. Aliyasema huku akilivuta shuka hata nikadhani litachanika.

Siku hiyo Gert, mumewe, alikuwa kitini mbele ya nyumba yao ya shambani. Miguu ilimfia ganzi, hakujua ilipo mpaka aitazame. Walikuja watu wawili. Mmoja Lourens, meneja wa shamba. Wa pili Bi Fortuin, mwanamke kijana wa ofisi ya ardhi, daftari mkononi. Mwenye shamba mpya aliitaka ile nyumba. Alisema Gert na mkewe ni wa kuja, hata miaka minane hawajatimiza. Na sheria inasema aliyefikisha sitini, akawa amekaa shambani miaka kumi, haondolewi. Gert alikuwa na sitini na nne. Kilichotakiwa ni kujua alikuja lini, basi. Karatasi za zamani ziliondoka na tajiri wa zamani, na tajiri alikwisha kufa.

"Mjomba Gert," Bi Fortuin akauliza taratibu, "kazi hapa ulianza lini?"

Gert akatabasamu kwa adabu. "Wiki iliyopita, binti yangu. Nimekuja na farasi wa baba. Tulinyeshewa njiani, we!"

"Farasi?"

"Wale wekundu. Wamefungwa hapo nyuma."

Hapakuwa na farasi, wala hawajapata kuwapo. Kichwa cha Gert kilikuwa gunia lililotobolewa na panya. Kila palipovuja alipaziba kwa jambo la kubuni, naye akaliamini. Angekuwa mwongo, Dorkas angemgombeza na yakaisha.

Lourens alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Umesikia, dada? Mimi nilimpa miaka minane, mwenyewe kajipunguzia!"

Dorkas alikuwa mlangoni. Akatoka.

"Cheka, Lourens. Baba yako ndiye aliyekuwa akipiga kengele."

"Kengele gani tena, Shangazi?"

"Ya dopu! Alfajiri kikombe cha mvinyo. Saa tatu kikombe. Saa sita, saa tisa, jua likizama viwili. Ndio ulikuwa mshahara. Mmemmwagia mtu mvinyo kichwani hadi kichwa kikaoza, leo mnakuja kukiuliza maswali!"

"Nani alimshika taya? Mdomo alifungua mwenyewe."

Hilo lilimchoma Dorkas mahali ambapo Lourens hakupajua.

"Mama, mimi nakuamini," Bi Fortuin akasema. "Lakini imani siwezi kuipeleka mahakamani. Wewe huna mkataba?"

"Wanawake hatukuandikwa. Nyumba ya mume, kazi ya mume, sisi mikono ya nyongeza."

"Basi chochote chenye tarehe na jina la shamba."

Kilikuwapo. Dorkas alikificha chini ya godoro miaka yote hiyo. Alimtazama Mietjie, binti yao, aliyekaa kwenye ngazi akimenya viazi. Mwanamke wa miaka thelathini, mdogo wa mwili, na hesabu yake haikuvuka vidole vya mikono. Shule ilimshinda darasa la pili. Dorkas alimwambia siku zote kwamba ni homa, ilimpata akiwa mchanga.

Akaingia ndani. Alikaa huko kitambo. Aliporudi alishika kadi ya kliniki iliyogeuka manjano.

Bi Fortuin akasoma kimya, kisha akainamisha macho.

"Soma kwa sauti, sote tusikie," Lourens akadai.

"Lete," Dorkas akasema. Akaisoma mwenyewe, neno moja moja, kama mtu anayetembea juu ya miiba. "'Mtoto wa kike. Kilo moja na nusu. Kichwa kidogo. Baba, Gert, kibarua wa shamba lililotajwa juu. Mama anaishi huko huko. Mama amekunywa mvinyo anaopewa kazini kila siku, mimba nzima.' Na jina la shamba hili ndilo lililo juu. Mwezi wa nane, elfu moja mia tisa tisini na moja. Andika, binti."

Lourens akaokota kofia. "Karatasi yenyewe ya kale."

"Ulitaka iwe ya jana?"

Bi Fortuin akaandika, akaipiga picha. "Kwa hii, Mama, hawawaondoi."

Walipokwenda zao, kisu cha viazi kilikuwa kimesimama mkononi mwa Mietjie.

"Kile kichwa kidogo ni changu?"

"Ni chako."

"Ulisema homa."

"Nilikudanganya."

"Mwalimu aliniita gogo! Watoto wa kanisani wananiita gogo mpaka leo! Na wewe unajua!" Bakuli likaruka, viazi vikatawanyika uani. "Mama, unajua!"

"Nilikunywa, Mietjie. Nilikuwa na baridi na njaa, kikombe kikija nakipokea. Hakuna aliyetuambia kinafika kwako. Siku nesi aliponiambia, niliacha."

"Usiniambie pole."

"Sisemi."

Gert akainua kichwa. "Kengele imelia?"

"Haijalia!" wakamfokea wote wawili kwa mpigo.

Naye, maskini, akaridhika, akasinzia pale pale kitini.

Mietjie hakula. Alilala kitandani amegeukia ukutani, ngumi amezikunja, akilia kwa hasira na si kwa huzuni. Mama anaijua tofauti. Dorkas aliokota viazi kimoja kimoja, akavichemsha, akamwekea sahani karibu na mto. Ikasukumwa. Akairudisha. Ikasukumwa tena. Mara ya tatu ikaachwa hapo, haikuguswa. Hatimaye pumzi za binti zikatulia.

Nyumba ilikuwa yao. Dorkas alisimama katikati yake akitafuta cha kuvunja, na kila alichokishika kilikuwa chake mwenyewe. Akamwingiza Gert ndani, akamfunika blanketi, akajitupa kitandani na viatu miguuni, meno ameyauma. Aliapa hatalala. Usingizi haukumsikiliza.