Sare ya Kiprugut

Kushindwa kila Jumamosi si kazi rahisi kwa mtu anayejua drafti. Kiprugut, dereva wa trekta katika shamba la mzungu mmoja nje ya Rongai, alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu mahindi yakiwa ya magotini. Alishindwa kwa bidii. Alizipeleka kete zake mdomoni mwa Mzee Kiptanui, kisha akajikuna kichwa na kujifanya ameshangaa, huku watu waliojazana kwenye baraza ya Khisa, fundi wa cherehani, wakimcheka mpaka machozi.

Kwake hiyo ndiyo ilikuwa heshima. Mzee Kiptanui, nyapara wa ng'ombe wa maziwa, alikuwa babake Chemutai, na Kiprugut alitaka kumwoa Chemutai. Mtu gani mwenye akili timamu atamfunga mkwe wake mbele ya watu, halafu kesho atume wazee wakapose?

Ijumaa asubuhi Chemutai alimkuta akimwaga maji kwenye rejeta ya trekta, akamwambia bila kuzunguka.

"Baba anasema wewe ni kijana mpole, lakini kichwani hamna kitu. Anasema hawezi kupeana msichana wake kwa mtu asiyeona mtego hata ukiwekwa mbele ya pua yake."

"Lakini mimi huwa namwachia."

"Yeye hajui hiyo. Na kuna mwalimu wa Olenguruone, wazee wake wanakuja mwezi ujao. Kwa hivyo mshinde."

"Nimshinde mzee mbele ya watu wote? Hata salamu yangu hataitika tena."

"Basi fanya vile unajua, lakini usifanye vile umezoea."

Siku hiyo Kiprugut alilima akiwaza, mpaka mistari ya plau ikaenda upogo. Akishinda, amemwaibisha mzee. Akishindwa, yeye ni mjinga na Chemutai anakwenda Olenguruone. Jua lilipoinama, njia ikamjia: sare. Sare ingemwachia mzee heshima yake na ingemrudishia yeye akili yake. Alijiona mjanja kupita kiasi, na hapo ndipo alipopaswa kuanza kuwa na wasiwasi.

Jumamosi jioni Khisa aliwasha karabai, akaweka ubao juu ya kreti. Mzee alichukua vizibo vya soda, Kiprugut akachukua vipande vya gunzi. Sheria ya hapo kila mtu aliijua: kete ikipata nafasi ya kula, lazima ile, na ukiacha kula, mwenzako anaiondoa ubaoni.

Walicheza. Kiprugut alitoa moja, akala moja. Mzee akala mbili, Kiprugut naye akalipiza mbili. Kicheko cha barazani kilianza kupungua.

"Dereva," Khisa akasema, "leo umewasha taa?"

Mzee alikunja mikono ya koti lake na kusogeza kiti. Kete zilipobaki chache, alisukuma kizibo kimoja kwa haraka, na hapo njia ikafunguka. Kete ya Kiprugut ingeruka mara mbili, ikala vizibo viwili vya mwisho, na mchezo uwe umekwisha. Kiprugut aliona. Akasukuma kete nyingine, ile ya pembeni. Sasa mzee angeondoa ile iliyoacha kula, wabaki wawili kwa wawili, wazungukane mpaka wachoke. Sare.

Mkono wa mzee haukusogea.

"Kula," mzee akasema.

"Nimeshasukuma, mzee. Kumbe sikuona."

"Uliona. Jicho lako lilifika hapo kabla sijaondoa mkono. Rudisha hiyo, ukule."

Kiprugut alirudisha kete, akala. Hakuna kizibo kilichobaki ubaoni.

"Umeanza kuniachia lini?"

Kiprugut alitafuta uongo mdogo wa adabu, asiupate. "Tangu mwanzo, mzee. Niliogopa kukukosea heshima."

"Heshima," mzee akasema. "Mimi najisifu kwangu kila Jumamosi, kumbe kuna mtu ananibembeleza kama mtoto. Wewe unadanganya kwa upole namna hii, msichana wangu atajuaje siku unasema ukweli?"

Aibu ilimpanda Kiprugut mpaka masikioni. Aliwaona kabisa wale wazee wa Olenguruone wakiingia kwa Chemutai na kofia zao mikononi.

"Panga," mzee akasema. "Na ucheze kama adui yangu."

Wakapanga. Safari hii Kiprugut alicheza kwa akili yake yote, bila huruma, bila ukwe. Alitega, alivizia, alikokotoa mpaka jasho likamtoka. Na mzee akamfunga. Akamfunga vizuri, hatua kwa hatua, na Kiprugut akajikuna kichwa bila kujifanya.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akavikusanya vizibo vyake kimoja kimoja. "Zile zingine zote sihesabu. Hii ndiyo nimeshinda. Ambia wazee wako waje kabla ya wale wa Olenguruone. Ila wasije Jumamosi, Jumamosi tuko na kazi hapa."

Asubuhi yake, wakitoka kanisani, Chemutai alimvuta kando.

"Baba ameamka akiimba. Kwani ulimwachia tena?"

"Hapana," Kiprugut akasema, na pamoja na furaha yote aliyokuwa nayo, hilo lilimuuma.