Petroli ya Kurudia

Mwaka ule Mfereji wa Suez ulipofungwa, petroli ilikuwa adimu Mbeya. Malori mawili ya Bwana Rasik, mwenye duka la nafaka, yalisimama uani hadi kuku wakataga chini yake. Ndipo Jailos, mmoja wa madereva wake, alipoanza kusema kwamba gari linaweza kwenda kwa maji.

Hakuliokota hewani jambo hilo. Kabla ya udereva alikuwa mchimbaji katika machimbo ya dhahabu ya Chunya, na kule kila mchimbaji alivaa taa ya karabai kichwani. Asubuhi aliipokea kwa mtu wa stoo ikiwa tayari ina mawe ya kijivu ndani. Kazi yake yeye ilikuwa kutia maji. Maji yakidondokea mawe yale hutoka hewa yenye harufu kama ya kitunguu saumu, na hewa ile huwaka. Taa ikififia unaongeza maji, inachangamka tena. Kwa miaka yote aliyokaa chini ya ardhi, Jailos hakumwona mtu akiongeza kitu kingine.

"Jiwe ni figa," alikuwa akisema. "Maji ndiyo kuni. Nani amewahi kuona figa likiungua?"

Machimbo yalipofungwa alirudi na mawe yale, mengi. Sasa aliyatia ndani ya pipa, akalifunga nyuma ya kabini, akavuta mpira hadi kwenye injini. Lori lilikohoa, likawaka. Alilizungusha soko mara moja, watu wakilifuata kwa vicheko. Bwana Rasik alikuwa amesimama barazani.

"Jailos, wewe ni dereva wangu au mganga?"

"Dereva, bwana."

"Basi lori langu halinywi maji. Lirudishe uani."

Labda lingeishia hapo. Lakini mama yake Jailos, Ikupa, alikuwa amelazwa Iringa tangu wakati wa baridi kwa ugonjwa wa tumbo, akiuguzwa na binti yake Marta. Mwezi wa Novemba Marta akatuma habari kwamba daktari amesema dawa zimekwisha kazi. Mama alikuwa na ombi moja tu: arudishwe mlimani kwake, upande wa Mbeya, afie nyumbani, alazwe kando ya mumewe.

Jailos aliipeleka habari hiyo dukani. Bwana Rasik, ambaye mama yake mwenyewe alifia Kachi, ng'ambo, bila yeye kumwona, alifungua ghala. Alijaza tangi la lori kwa safari ya kwenda, akapakia na madebe matano ya petroli.

"Haya ni ya kurudia," alisema. "Usiyaguse mpaka umempakia mama."

Jailos alifika Iringa salama. Nje ya hospitali alimkuta Didas, dereva wa Dodoma, aliyekuwa amekwama kwa kukosa mafuta. Mkewe alikuwa amepasuliwa huko Dodoma, naye hakujua kama amepona. Alipoliona pipa, bado limefungwa nyuma ya kabini, aliuliza ni la nini, na Jailos akamweleza.

"Kaka, kama maji yanaendesha gari, mimi nimekwama vipi hapa na mto unapita hapo chini?"

Jailos hakukasirika. Aliwasha lori kwa maji mbele yake. Didas aliacha kucheka. Aliyatazama yale madebe.

"Basi hayo huyahitaji," alisema polepole.

Marta, aliyekuwa akimfunga mama blanketi, alisikia. "Kaka, usifanye hivyo. Bakiza hata mawili."

"Nikibeba petroli nyuma yangu, nitakuwa nimemwambia Mungu kwamba simwamini."

"Mungu hajakwambia chochote. Ni wewe uliyesema."

Lakini Jailos alikuwa ameomba usiku kucha aonyeshwe kwamba maji yatamfikisha mama nyumbani, na aliona jibu lake limesimama pale mbele yake, na viatu vimejaa vumbi. Akampa Didas madebe yote matano.

Walimkalisha mama katikati. Lori lilikwenda likigonga kama mtu apigaye debe, lakini lilikwenda. Kila penye mto Jailos alisimama, akachota maji, akamwaga pipani.

"Gari lako linanuka mchuzi," mama alisema.

"Ndilo linalokupeleka nyumbani, mama."

Mama alishukuru kwa lugha ya kwao: "Ndaga, mwanangu. Hata kwa punda ningekwenda."

Walipita Makambako, wakateremka kwenye tambarare za Usangu. Mvua zilikuwa zimechelewa, na joto lilitoka ardhini. Mbele kidogo ya njia panda ya Rujewa injini ilififia. Jailos aliongeza maji. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Akaongeza tena. Mwishowe alifungua pipa. Ndani hapakuwa na jiwe hata moja. Palikuwa na uji mweupe, mzito, kama chokaa.

Alitia mkono, akapapasa mpaka chini. Figa lilikuwa limeungua.

Alipiga magoti kando ya barabara akaomba kwa muda mrefu. Kisha alikwenda mtoni na ndoo, akarudi, akamwaga pipani, akajaribu tena. Alikwenda tena. Hakuna gari lililopita siku ile. Magari yote yalikuwa uani kwa wenyewe.

Jua lilipokuwa linazama mama aliomba maji. Jailos alimnywesha kwa mkono.

"Tumefika?" mama aliuliza.

"Karibu, mama."

"Hapana. Hapa pana joto. Kwetu hapana joto hivi."

Hakusema tena. Alifariki kabla ya mapambazuko, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Marta.

Wachunga ng'ombe wa Kisangu walimbeba juu ya kitanda cha kamba mpaka Rujewa. Kwa joto lile hakuweza kungoja. Watu wasiomjua walichimba, nao Jailos na Marta wakaimba wimbo wa maziko, sauti mbili tu, na ya Jailos ikakatika njiani.

Mlimani nafasi iliyo kando ya baba yao ilibaki majani matupu. Watu walikuja kulia, wakauliza, wakajibiwa, wakaenda zao. Jailos aliendelea kwenda kanisani. Alipoinamisha kichwa hakujua tena aanze na neno gani, akakaa tu hadi wengine waseme amina.

Petroli iliporudi, lori geni lilipanda mlima. Didas alishuka, akateremsha madebe matano yaliyojaa, akayapanga mlangoni moja moja.

"Nilimkuta mke wangu mzima," alisema. "Ananiuliza kila siku kama nimekurudishia mafuta yako. Nyumba nzima tunakuombea, kaka. Mama hajambo?"

Jailos aliyatazama madebe. Marta ndiye aliyejibu.

"Mama amebaki Rujewa," alisema. "Karibu ndani, upumzike."