Pambo Tu

Kwa miaka saba nimefanya kazi katika chumba kilichofungwa cha kiwanda cha sarafu, hapa London, kwenye mashine inayoandika maneno ukingoni mwa sarafu za fedha. Tuliapishwa kwa Biblia kwamba habari za chumba kile hatutamwambia mtu, hata mke. Nami, mjinga mimi, nikakishika kiapo kuliko padri.

Mke wangu Thomasin alikuwa na ulimi mkali. Siku moja aliigeuzageuza sarafu mpya mezani.

"Haya, Bwana Siri, hizi chorochoro za pembeni ni za nini?"

Hakujua kusoma.

"Pambo tu," nikasema.

"Kumbe mfalme naye anapenda urembo!"

Tukacheka.

Maneno yenyewe ni ya Kilatini, maana yake pambo na kinga. Kinga, kwa sababu ukikwangua ukingo, herufi zinakatika na kila mtu anaona. Sarafu za zamani, zile za kugongwa kwa nyundo, hazikuwa na maandishi ukingoni wala mviringo wa maana, na mtaa mzima ulizipunguza kwa mkasi na kumuuzia mfua fedha vipande. Thomasin naye alizipunguza. Nilijua, nikanyamaza, maana nyama ya Jumapili ilitoka humo.

Majira ya baridi sarafu za zamani zikaadimika. Thomasin akachukua tupa, akakwangua mpya. Muuza mkate aliyelipwa nayo aliigeuza mara moja tu, akaita askari.

Mahakamani jaji aliinua sarafu ile. "Herufi ziko wapi, mama?"

"Herufi gani, mheshimiwa? Mimi nilijua ni pambo."

"Nani alikuambia ni pambo?"

Nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Nilitaka kusimama. Naapa nilitaka, lakini sikusimama. Thomasin alinitazama, kisha akamgeukia jaji.

"Hakuna, mheshimiwa. Ni ujinga wangu mwenyewe."

Kukwangua sarafu ni uhaini kwa mfalme, na mwanamke mwenye kosa hilo huchomwa moto. Walimchoma Jumatano. Niliomba ruhusa ya nusu siku, nikapewa.

Alhamisi nilirudi kazini. Msimamizi wetu alinipa mkono wa pole.

"Hata mkeo hukumwambia," akasema kwa sauti ya chini. "Ningekuwa na watu kumi kama wewe, Gervase, ningelala usingizi."

Nikashika mpini wa mashine. Niliandika kinga, kinga, kinga, mpaka kengele ya chakula ikalia.