Mkwe Aliyegoma Majini

Ile sufuria ilichukuliwa na maji kwa ubishi wa mama mtu, lakini Agnesi hakulisema hilo, kwa kuwa alimjua mama yake. Alikuwa ameshamwambia tangu nyumbani, "Mama, leo tuoshee hapa hapa uani, ziwa limechafuka." Honorata akamjibu kwamba hakushuka kutoka Kalinzi, kule milimani, akaacha migomba yake na ubaridi wake, akaja kukaa ukingoni mwa maji yote haya, ili aoshee vyombo kwenye beseni. Basi wakateremka mwaloni, ufukweni zinapotua mitumbwi.

Kilikuwa kiangazi, msimu ambao upepo wa kusini huamka na jua, na mchana ukigeuka unakuwa umeshapandisha hasira. Maboti ya kutoka Burundi, yaliyokuwa yakileta watu karibu kila siku miaka ile, hayakuonekana tangu asubuhi. Hata waliokuwa wanakimbia bunduki walikuwa wamekubali kuungoja upepo. Honorata hakukubali. Alichuchumaa pale maji yanapoishia, akaijaza sufuria mchanga, akaanza kusugua masizi. Ndiyo sufuria aliyopikia maharage ya wapagazi wa gatini, kubwa, ya kushikwa na watu wawili ikijaa. Akainua kichwa kumjibu Safina jambo fulani, na papo hapo wimbi likaja, likaichukua kama mtu anayechukua chake. Ikabingirika, ikanywa maji, ikazama mbele ya yale mawe makubwa, pale maji yanapobadilika rangi.

"Haya Mama Agnesi," alisema Safina, "ziwa nalo leo linataka kupika."

Safina alikuwa jirani yao, mwanamke wa Ujiji mwenye mdomo usiopumzika, na alikuwa akianua dagaa wake mchangani kabla upepo haujamwanulia.

Honorata hakucheka. Alisimama na mikono kiunoni, akilitazama ziwa kama anavyotazamwa jirani aliyeazima kitu akakana.

Kijana Ciza, aliyekuwa amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa akishona kijavu chake, akainuka.

Kazi ya Ciza ilikuwa kuzamia samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi rangi wanaopelekwa ng'ambo kufugwa kwenye vioo. Safina aliwaita samaki wasioliwa. Mwaka aliovuka kutoka Rumonge alikuwa bado mtoto, watu wamejazana botini kama dagaa, na katika purukushani za kupanda alipotezana na mama yake. Mzee Barutwanayo, Mrundi mwenzake aliyevuka zamani, alimkuta gatini analia, akamchukua, akamfanya mwanawe. Sasa Mzee huyo alikuwa amekuja mara mbili kumposea Agnesi, na mara zote mbili Honorata alimnywesha chai, akampa na kitumbua, akamrudisha bila jibu.

"Kijana mwenyewe sina neno naye," alikuwa akimwambia Agnesi wakibaki wawili. "Lakini nani alimlea? Mimi nikupeleke kwa mtu ambaye simjui mama yake wala kwao, nijue alifundishwa nini?"

Agnesi hakubishana. Yeye alikuwa mtu wa kungoja na kutazama. Tangu alipomaliza darasa la saba, alikuwa amengoja mengi. Ila jibu la mama yake lilikuwa limeanza kumkondesha.

Ciza naye hakungoja jibu. Alikuwa ameshaanza kumwita Honorata *mabukwe*, yaani mama mkwe, na kumkwepa kama mila inavyotaka. Akimwona njiani anaingia majanini. Honorata akawa analalamika, "Mwambie aache kukanyaga mihogo ya watu, mimi bado si mkwe wake."

Basi pale ufukweni Ciza akasimama kwa mbali, ubavu ubavu, uso ameuelekeza kwa Agnesi. "Mwambie mama asiwe na wasiwasi."

"Mwambie sina wasiwasi," alisema Honorata. Kati yao palikuwa na hatua chache tu.

"Mwambie nitaitoa sasa hivi."

"Hutoi kitu," alisema Agnesi. "Sufuria haina miguu. Kesho alfajiri ziwa likitulia utaiokota bila hata kulowa nywele."

"Kesho itakuwa imefukiwa na mchanga. Wewe Agnesi, mimi nazama kule kusikoonekana chini, hapa pa kufika shingoni ndipo pa kunitisha?"

"Kule hakuna wimbi la kukubwaga juu ya mawe. Kuingia utaingia. Mimi nauliza utatokea wapi."

"Mwache, shoga," Safina alidakia. "Mwaka mzima anavua visivyoliwa. Leo angalau atavua cha kupikia."

Honorata aliitupia jicho moja tu ile sehemu ilipozama sufuria, na jicho hilo ndilo lililommaliza Ciza. Akavua shati, akabaki na bukta yake ya njano ya mtumba, akavaa miwani ya kuzamia, akaingia.

Kuingia, kweli aliingia vizuri. Alisubiri wimbi lipasuke, akajitosa chini ya lililofuata, likapita juu yake. Kitambo kidogo akaibuka kule mbele ya mawe, ameinyanyua sufuria juu ya kichwa kwa mikono miwili kama kombe. Safina akapiga kigelegele. Hata Honorata aliinua mkono, kisha akajikumbuka akajifanya anajikuna.

Wimbi halikuwa na habari ya kombe. Lilimjia kwa nyuma, likamkunja, likampindua, ikaonekana miguu, ikaonekana sufuria, halafu povu tupu. Ciza alipotokeza tena hakuwa na miwani. Sufuria alikuwa nayo, ameikumbatia kifuani. Lakini uso wake ulikuwa umebadilika, na alikuwa amechuchumaa majini mpaka kidevuni.

"Njoo sasa!" aliita Agnesi.

Ciza akatikisa kichwa.

"Umeumia?"

Akatikisa kichwa tena. "Mwambie mama aende nyumbani!"

Honorata akashtuka. "Niende nyumbani? Mtoto wa watu anakufa kwa ajili ya sufuria yangu, mimi niende nyumbani?"

"Mwambie tafadhali aende!"

"Amechanganyikiwa, maji yamemwingia kichwani," alisema Honorata. Akanyakua upondo uliokuwa kwenye mtumbwi, akaingia majini. Mwanamke wa mlimani, asiyejua kuogelea hata kwenye ndoto, akaenda anamnyooshea mti. "Shika huu! Shika, baba!"

Kila Honorata alipopiga hatua moja kwenda mbele, Ciza alirudi moja nyuma, na nyuma yake kulikuwa na mawe. Mawimbi yalikuwa yanayapiga na kurusha maji juu. Agnesi aliona jinsi mambo yatakavyokwisha: mmoja atabamizwa jiweni na mwingine atazama kwa kumfuata, na wala hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Ndipo akaiona. Kwenye povu, pembeni mwa mawe, kitu cha njano kilikuwa kikielea, kinakwenda zake kilindini bila haraka. Bukta.

Kicheko kikampanda, akakimeza. Mambo hayo binti anamwambiaje mama yake?

"Mama, rudi."

"Sirudi!"

"Mama, basi geuka."

"Nigeukie wapi?"

"Geukia Kalinzi!"

"Mama Agnesi," Safina alimsaidia, kwa sauti ya kufika Kalinzi kwenyewe, "mkweo hana nguo! Yupo kama alivyozaliwa!"

"Yesu wangu!" Honorata aliachia upondo, akajifunika macho kwa viganja, akageuka pale pale, mgongo kwa ziwa. Ziwa halipewi mgongo siku kama ile. Wimbi lilimpiga makalioni, likamkalisha chini, likamsukuma mpaka mchangani naye bado amefumba macho, anatambaa kwa magoti na kumtaja Bikira Maria. Agnesi alimkamata mkono, akamsimamisha, akamwelekeza mlimani.

"Na wewe unaangalia nini?" alifoka Honorata.

"Naangalia mawimbi, Mama."

"Yaangalie hayo hayo."

"Mimi si mkwe wala mchumba," alisema Safina, "mimi acheni niangalie kwa niaba yenu."

Lakini hata Safina sauti ilianza kumpungua. Kule majini Ciza alikuwa amechoka. Kila wimbi lilimfunika na kumwachia akikohoa, na mawe yalikuwa karibu. Sufuria hakuiachia. Kutoka hakutoka.

"Anataka nguo," alisema Agnesi. "Bila nguo atafia hapo."

Akashika fundo la kitenge chake, akakumbuka ndicho pekee alichojifunga. Mama yake alihisi anasita. Honorata, macho bado mlimani, akafungua kitenge chake cha juu, kipya, cha kuendea kanisani alichokivaa siku hiyo kwa sababu vingine vilikuwa kambani. Akakirusha nyuma juu ya bega.

"Mpe hicho."

"Mama, hicho ni chako."

"Mkwe akishakivaa mimi nitakivaaje tena? Mpe!"

Safina alifungua mdomo kusema kitu juu ya neno hilo, mkwe, akaona si wakati wake.

Agnesi alikwisha kuona wanapoosha vyombo kwamba majivu na povu la sabuni havikurudi ufukweni. Vilikwenda ubavuni mwa mawe, vikachukuliwa nje, njia ile ile iliyoondoka na bukta. Akakifunga kitenge kwenye mpini wa dumu tupu la Safina, akakimbia hadi pale, akalirusha dumu kwenye mkondo. Likacheza cheza, likavutwa, likaenda moja kwa moja kama limetumwa, mpaka kwa Ciza.

Agnesi akageuza uso ili kijana ajifunge. Safina akatoa habari: "Kinamshinda... Amekipata... Kimefunguka... Haya, amekiuma fundo kwa meno."

"Usitokee kwenye mawe!" aliita Agnesi. "Zunguka huku kwenye mchanga! Ngoja makubwa yapite!"

Aliinua mkono juu, akauweka hapo. Lilipita kubwa, likapita jingine, na jingine kubwa kuliko yote. Halafu ziwa likavuta pumzi. Akaushusha mkono.

"Sasa! Njoo! Usisimame, lala, likulete!"

Ciza alikuja kwa tumbo, dumu kwapa hili, sufuria kwapa lile, fundo la kitenge mdomoni, maua yake makubwa mekundu yakimfuata kama mkia wa jogoo. Wimbi dogo likambeba, likamtua. Akatambaa kwa magoti na viwiko mpaka mchanga mkavu, akajibwaga, akatapika ziwa.

"Ametoka?" aliuliza Honorata, mgongo kwao.

"Ametoka, Mama."

"Amejifunga?"

"Amejifunga."

"Vizuri?"

"Vizuri kuliko ulivyokuwa umejifunga wewe," alisema Safina.

Ciza alikaa, akashika fundo kwa mikono miwili, meno yanagongana. "Mwambie mama... sufuria yake hii."

Honorata alinyoosha mkono kinyumenyume, ukapapasa hewani mpaka Agnesi akamshikisha ukingo wa sufuria. Akaileta mbele, akaikagua. Ilikuwa imebonyea upande mmoja.

"Mwulize," alisema hatimaye, "kwa nini hakutoka tangu mwanzo. Angekufa, ningemwambia nini yule mzee?"

"Mwambie nisingeweza. Mbele ya mama mkwe, na mimi vile? Nisingeweza."

"Mwulize nani alimfundisha."

Ciza alilitazama ziwa, upande ule wa kaskazini ambako siku hiyo hakukuwa na boti hata moja.

"Mwambie sikufundishwa kwa maneno. Niliona tu. Nyumbani Rumonge, bibi mzaa mama alipokuwa akija, baba alikuwa anapanda mchikichi. Anakaa huko juu mpaka bibi anywe pombe yake amalize. Na mama yangu anamtumia chakula kwa kamba."

Mabega ya Honorata yakatikisika. Agnesi alidhani analia, na pengine mwanzoni alikuwa analia, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko, kirefu, cha mlimani, mpaka sufuria ikamponyoka ikaangukia mchangani.

"Kwa kamba!" alisema, akijipangusa macho. "Basi kumbe alilelewa. Mpumbavu, lakini amelelewa."

Akaiokota sufuria, akaitwika, akaanza kupanda njia ya nyumbani bila kugeuka. Alipofika kwenye mihogo akasimama.

"Agnesi! Mwambie Mzee Barutwanayo aje Jumapili. Na mwambie huyo asizame popote mpaka hapo, hata kwenye karai."

Agnesi akamgeukia Ciza ili amwambie, ingawa kijana alikuwa amesikia kila neno, na Ciza akatulia, kitenge amekishika, akingoja aambiwe.