Mwenye Usukani Ndiye Mwenye Muziki

Mimi nasema hivi, na anayebisha aje tubishane: zile bendi mbili zote ni takataka. Kaka yangu Kirby alikuwa akiipenda Kokoto. Rafiki yake, Shayne Dressler, alikuwa mtu wa Madhabahu. Miaka yote hiyo nilikaa katikati yao kwenye meza ya Mama, nikiwasikiliza wakigombania ipi ni takataka zaidi.

Kokoto ni vijana wa huku huku mkoani kwetu Alberta, na nchi nzima inawaonea aibu kama mjomba aliyelewa harusini. Mwimbaji wao ana sauti ya mtu aliyemeza changarawe. Wanaimba bia, wasichana na picha za zamani, na ukisinzia wimbo wa pili ukaamka wa tano hutajua kama umepitwa na kitu. Madhabahu ni Wamarekani. Huyo wao anasimama juu ya mlima, shati wazi, mikono ameitandaza, anaguna kama mwenye jino bovu, na huwezi kujua anamwimbia Mungu au mwanamke aliyemkimbia. Kirby alikuwa akisema Kokoto angalau wanajua kuwa ni walevi; Madhabahu ni walevi wanaojiona manabii. Shayne naye anajibu kwamba watu wake wanalia kwa jambo, si kwa sababu baa imefungwa. Zamani kila nyumba ilikuwa na sidii za bendi zote mbili. Leo muulize yeyote, atakuapia kwamba hakuwahi kununua. Ukitaja tu jina, watu wanacheka.

Kirby na Shayne hawakuwahi kukana. Walifanya kazi pamoja kwenye mitambo ya mafuta huko kaskazini, wiki mbili kambini, wiki moja nyumbani, wakienda na kurudi kwa pikapu kuukuu ya Kirby na kupokezana kuendesha. Na kwa watu wa mitambo kuna sheria moja ambayo haina mjadala: mwenye usukani ndiye mwenye muziki. Abiria haombi, hagusi redio, hapunguzi sauti. Ruhusa yake ni kutukana tu. Mwaka mmoja Shayne aliomba wimbo mmoja, mmoja tu, kwa kuwa ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Kirby alisimamisha gari kituo cha mafuta, akamnunulia donati, akarudi na kuendelea na Kokoto wake. Shayne mwenyewe ndiye aliyetusimulia, tena kwa fahari. Asubuhi akiwa Kirby ilikuwa Kokoto, jioni akiwa Shayne ilikuwa Madhabahu, na sheria ile haikuvunjwa hata siku moja.

Januari, wakirudi nyumbani asubuhi, pikapu ilihama upande wake wa barabara na kugonga gari dogo la Bi Stella Romaniuk. Bi Stella ndiye aliyekuwa akiendesha basi la shule hapa Borivka. Alinibeba mimi, akambeba Kirby, akabeba watoto wa mji mzima, na kipindi cha baridi kali alikuwa akingoja mlangoni mpaka uvae kofia. Alikufa pale pale. Pikapu ilibingirika mtaroni, ikawatupa wote wawili nje kwenye theluji. Kirby alikuwa amekwisha kufa walipomfikia. Shayne alivunjika nyonga na mguu, na alipoweza kusema aliwaambia polisi kwamba Kirby ndiye aliyekuwa akiendesha, akapitiwa na usingizi. Nani angebisha? Gari lilikuwa lake.

Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Niliirudia methali hiyo kichwani mwangu msimu mzima wa baridi, nikimchukia Shayne kwa kosa la kupumua.

Lakini aliyeumia kweli ni Mama. Kila Alhamisi wanawake wa parokia hukutana ukumbi wa chini wa kanisa kutengeneza pirohi, vile vifuko vya unga vya kuchemsha vyenye viazi na jibini ndani, vya kuuza na vya misiba. Wanazunguka meza ndefu, kila mtu na kiti chake, wanafinya kingo na kusengenya dunia. Mama alikuwa na kiti chake pale tangu ujana wake, na Bi Stella alikuwa akikaa kiti cha pili kutoka kwake. Baada ya mazishi hakuna aliyemfukuza Mama. Sisi hatufukuzi mtu. Walimwambia tu apumzike, wiki iliyofuata wakamwambia tena apumzike, kisha kiti kikapata mtu mwingine. Mama alikaa jikoni kwake na mikono yake mapajani. Siku moja aliniuliza ni mama wa namna gani anayezaa mtu wa kumuua Stella, na mimi, mwenye mdomo huu wote, nikaenda kuweka birika la chai.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne, mwenye yadi ya magari mabovu akanipigia simu niende nikachukue vitu vya Kirby, maana pikapu ilikuwa inapondwa wiki ile. Nilikuta themosi, glavu moja, mbegu za alizeti zimemwagika kila mahali. Nikaona ukingo wa sidii kwenye mdomo wa redio, imekwama. Nikamwomba yule bwana aunganishe betri. Nilitaka Kokoto wa Kirby, takataka yake ya mwisho, nikaiweke nyumbani.

Ikatoka sauti ya Madhabahu.

Niliitoa sidii, nikakaa kwenye kile kiti kilichopasuka nikaitazama. Mwenye usukani ndiye mwenye muziki. Kwa hiyo mwenye usukani alikuwa Shayne. Shayne alikuwa akiendesha, Shayne alimuua Bi Stella, Shayne alimuua kaka yangu, kisha akalala kitandani kwa starehe akamsukumia maiti makosa yake! Sikungoja kufika nyumbani. Nilimpigia Mama nikiwa pale pale yadini, nikamwambia Kirby hakuwa anaendesha, ninao ushahidi mkononi. Mama alijua ile sheria. Aliisikia mezani kwake mara ngapi. Akauliza aproni yake ya kanisani niliiweka wapi.

Kutoka hapo nikaenda kwa Shayne.

Anaishi kwenye nyumba ya treila mwisho wa mji, karibu na maghala ya ngano. Alifungua akiwa na fimbo yake, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Ndani hakukuwa na kiatu cha mtoto wala mdoli. Niliona lakini sikujali. Nilimtupia sidii kifuani ikaanguka sakafuni, nikamwambia yote niliyokuwa nimeyapanga njiani, na mengine ambayo sikuyapanga. Nilimwita muuaji. Nilimwita mbwa. Yeye aliinama kwa shida, akaiokota, akaifuta kwa shati.

"Kumbe iliingia," akasema. "Sikujua kama iliingia."

Nikamwambia asinitanie, siku hiyo sikuwa wa kutaniwa.

Alikaa, akanisimulia akitazama ile sidii tu. Usiku wa kuamkia safari mkewe alikuwa amempelekea ujumbe kambini: amechukua watoto, amehamia kwa dada yake mjini Kelowna, harudi. Asubuhi Kirby alishika usukani kwa sababu Shayne alikuwa hawezi hata kufunga mkanda. Kokoto wakaanza kuimba, na Shayne akageuza uso dirishani, analia kimya kimya kama mtu mzima anavyolia akidhani haonekani. Namjua kaka yangu. Hakuwahi kumfariji mtu kwa maneno maishani mwake. Baba yetu alipokufa alimpelekea Mama ndoo ya rangi, akapaka banda. Siku ile garini alitoa Kokoto wake, akazima redio. Waliendelea hivyo kwa muda. Halafu akamuuliza, ule upuuzi wako wa Madhabahu uko wapi?

"Nikamwambia uko chini ya kiti," Shayne alisema. "Nikamwambia aache, si zamu yangu. Akainama, dada. Akainama kuutafuta. Akasema, 'Mara moja tu, na ukimwambia mtu nitakukana.' Akaupata, akasukuma ndani. Gitaa halijaanza, nikaona gari la Stella."

Upepo ulikuwa unapiga bati la treila. Nilitaka iwe uongo. Nilitafuta mahali pa kuushika huo uongo sikupaona. Mwongo angejitungia jambo zuri zaidi.

Nikamuuliza kwa nini basi alisema usingizi.

"Mtu aliyesinzia watu wanamhurumia," akasema. "Sasa waambie Kirby Hawryluk amemuua mama wa basi la shule akitafuta Madhabahu chini ya kiti. Wangecheka, Tamara. Si siku ile. Lakini baada ya mwaka, baa, mtu angetaja, wangecheka. Mpaka mwisho wa dunia Kirby angekuwa kichekesho. Mimi nimechekwa kwa bendi hii maisha yangu yote, nimezoea. Yeye alikuwa anafanya wema."

Hapo ndipo nilipokumbuka simu. Nikakaa kwenye sanduku la vifaa. Nikamwambia kwamba Mama anajua tayari, yaani anajua ule uongo wangu, na leo ni Alhamisi, siku ya pirohi.

Alifikiri kidogo tu. Laiti angefikiri zaidi.

"Basi muache aseme ni mimi."

"Polisi watakuja."

"Waje. Mke hayupo, watoto hawapo, Kirby hayupo. Nalinda nini humu ndani?" Akanirudishia sidii mkononi. "Chukua. Ndiyo ushahidi wako."

Niliendesha kama kichaa kurudi mjini. Redio sikuiwasha. Njia nzima nilipanga nitakavyomshika Mama mkono kabla hajaingia, nimtoe pembeni, nimwambie: Kirby ndiye aliyekuwa anaendesha, Mama, ni yeye, lakini sikiliza kwa nini. Nilijua pia kwamba hatasikia sehemu ya pili. Angesikia ni yeye, angevua aproni, angerudi jikoni kwake na mikono mapajani, na safari hiyo asingenyanyuka tena.

Maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Nilipofungua mlango wa ukumbi mvuke wa masufuria ulinipiga usoni, na Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Aliyekikalia alikuwa amesogea. Wote walikuwa wamesogea, wamembana pande zote mbili kama wanaogopa atapotea tena, na Bi Sonia Paluk, ambaye tangu Januari alikuwa akivuka barabara akituona, alikuwa amemwekea mkono begani, mkono mzima wa unga, na alama imebaki kwenye sweta. Uso wa Mama ulikuwa umelowa. Vidole vyake vilikuwa vinafinya bila kutazama, haraka, kama zamani.

"Huyo amekuja," Mama akasema. "Njoo, binti yangu. Waambie wewe mwenyewe. Kulikuwa na nini ndani ya redio?"

Meza nzima iligeuka. Nilikuwa na sidii mfukoni na vidole vyangu juu yake. Nilimwona Mama alivyonyanyua kidevu, na kile kiti kilicho wazi cha pili kutoka kwake, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Akilini nilimwona na Shayne na fimbo yake. Kirby naye nilimwona, ameinama.

"Madhabahu," nikasema.

Mmoja upande wa masufuria akaguna kama yule mwimbaji, hakukusudia ubaya, na Bi Sonia akajaribu kuzuia akashindwa, akasema maskini Stella, kufa kote huko kuuawa na Madhabahu! Wakacheka. Walicheka kwa namna ya watu waliolia mno, wakishikana, wakijifuta macho kwa viwiko. Na Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwaka jana.

Kisha akavuta kile kiti cha pili, akanipangusia kwa aproni, akanisogezea bakuli la viazi. Nikanawa mikono, nikakaa, nikafinya pirohi mpaka unga ukaisha.